Chumvi, Maji na Pete Isiyo na Haraka

Kazi huanza kwa kuyashibisha maji. Fundi wa maabara anamimina chumvi, anakoroga, anaongeza tena, mpaka punje zilale chini ya chupa zikikataa kuyeyuka. Katika joto la chumbani, gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi, basi. Maji hayo yaliyoshiba ndiyo yanayofaa. Ukitia maji matupu yataila sampuli yenyewe ya chumvi, na jaribio litakuwa limekwisha kabla halijaanza.

Katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, mtafiti Chris Spiers na wenzake wametumia miaka mingi kusugua chumvi iliyolowa maji hayo. Usicheke. Kwenye nyufa kubwa za ardhi, miamba ya pande mbili husuguana ikiwa imelowa, kilomita nyingi chini, mahali pasipofikika. Kwatzi ya miamba hiyo ingehitaji mamia ya nyuzi joto na subira isiyo ya kibinadamu ili ionyeshe maji yanaifanyia nini. Chumvi huonyesha jambo la namna hiyohiyo mezani, kwa saa au siku chache. Kwa hiyo ikapewa kazi ya kusimama badala ya mwamba.

Chumvi husagwa, huchekechwa, kisha hutandazwa baina ya pete mbili za chuma: huo ndio ufa wa mezani. Mzigo hukandamiza kutoka juu, pete moja inazuiwa, nyingine inazungushwa. Mwendo ndio unaonivutia. Kwa mikroni moja kwa sekunde, pete husogea sentimita 8.6 kwa siku nzima. Kwa mikroni 0.03, ni milimita 2.6 tu. Mtu anakaa hapo akitazama mstari wa vipimo ukijichora, wala haruhusiwi kuuharakisha.

Ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, uko katika kuuliza swali moja mara tatu. Mara ya kwanza mchanganyiko wa chumvi na udongo laini husuguliwa ukiwa mkavu: punje zinakwaruzana na kuvunjika. Mara ya pili hutiwa mafuta yasiyoyeyusha chumvi. Mwenye pupa angeiruka raundi hii, lakini bila yake hakuna hukumu. Kama kulowa kwenyewe ndiko kunakolegeza ufa, basi mafuta nayo yangeulegeza. Hayakuulegeza. Mara ya tatu yanakuja yale maji yaliyoshiba, na pete ikizunguka polepole, ukinzani unaporomoka. Kumbe mkosaji ni kuyeyuka. Mahali punje mbili zinapobanana, chumvi huyeyuka ndani ya utando mwembamba wa maji, huhama, na kuganda upya penye nafasi. (Maji na chumvi vina visa vya zamani: mwaka 1924 Mrusi Abram Joffe alionyesha kwamba fuwele ya chumvi inayokatika ikiwa kavu huweza kupindika ndani ya maji ya moto.)

Chumvi tupu, isiyo na udongo, haina tabia hiyo ya kulegea. Ilowe, kisha simamisha pete: punje hushikana, kama chumvi ya kopo inavyogeuka bonge wakati wa masika, na ufa unapona. Ukianza kuzungusha tena unaukuta mgumu kuliko ulivyouacha. Tia ulanga kidogo, kama ule udongo laini, na mambo yanabadilika. Vibapa vyake vyembamba hujipenyeza kati ya punje, vinazizuia zisigandane, na chumvi inatiririka taratibu huku inayeyuka. Ukiongeza mwendo, punje hazipati muda wa kuyeyuka. Ukinzani unapanda, punje zinaanza kupandiana, na ukizidi kuongeza, ufa unakuwa mnyonge kadiri unavyokimbia. Hiyo ndiyo hali inayozaa matetemeko.

Mashine ikizimwa, kazi bado. Sampuli hukaushwa, hugandishwa kwa gundi na kukatwa vipande vyembamba, na hapo maji matupu hayaruhusiwi kusogea, maana yangefuta ushahidi wote. Chini ya hadubini unaona tabaka za ulanga zikipinda kando ya punje za chumvi zilizorefuka, zenye mikia, zote zikielekea upande uliozunguka. Wanajiolojia wanaifahamu sura hiyo kutoka kwenye miamba ya nyufa za kale, iliyozaliwa chini sana ardhini kabla mmomonyoko haujaifunua. Hii ya Utrecht ilizaliwa mezani, katika joto la chumbani.