Mkono Unaosikika

Jioni moja hapa Kashaulili, mkoani Katavi, nilimtazama mzee mmoja, mstaafu wa mawasiliano jeshini, akiligonga jina la kata yetu mezani kwa kidole. K, A, kisha S na H: nukta tatu, halafu nukta nne. Hapo ndipo fundi wa Morse, alfabeti ya mapigo mafupi na marefu, anapojulikana. Mkono mbovu huzibana zikawa nukta saba zisizosomeka. Mkono uliofundwa huacha pengo la urefu wa nukta tatu, halipungui wala halizidi, na msikilizaji wa mbali huandika bila kusita. Ikafuata ile "lili" ya mwisho: fupi, ndefu, fupi, fupi; fupi, fupi; kisha tena vilevile, kama ngoma inayorudia pigo lake.

Kila mpigaji ana mkono wake, na haufichiki. Katika Vita Kuu ya Pili, wasikilizaji wa Uingereza waliwafuata wapigaji wa Kijerumani kwa mkono tu, hata kituo kilipobadilishwa jina.

Nchi hii iliionja mapema thamani ya kazi ya redio ya Morse. Manowari Astraea ya Uingereza ilipofika Dar es Salaam Agosti 8, 1914, shabaha yake ilikuwa kituo cha redio.

Na kazi haijaisha. Sauti kwenye simu ya upepo hutaka upana wa masafa wa karibu hezi 3,000. Morse hutosheka na hezi 150 hivi. Ndiyo maana redio ya wati chache, betri ya gari na waya uliotundikwa mtini hupenyeza ujumbe wakati radi za masika ya Katavi zimeimeza sauti. Rubani naye hadi leo hutambua kituo cha kumwongoza kwa herufi za Morse.

Lakini meli ziliachishwa Morse mwaka 1999, na mwaka 2003 nchi zikaruhusiwa kuufuta mtihani wake kwa wapenzi wa redio. Tukashukuru kupunguziwa mzigo.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Tukasubiri ziungwe, zikaungwa, mazungumzo yakaishia hapo. Sikumsikia hata mmoja akiuliza ni nani, katika mkoa huu wa mapori, angeweza kukaa mbele ya redio usiku ule na kuiita Tabora kwa mkono.