Ufundi wa Kulitungia Neno Sentensi

Anayejifunza Kijerumani jijini Kampala, awe Makerere au Goethe-Zentrum kule Kamwokya, hakawii kukutana na neno Schloss. Kamusi itampa maana mbili, kasri na kufuli, kisha itanawa mikono. Kazi iliyobaki ni ya mtunga sentensi, na huo ni ufundi usiosifiwa vya kutosha.

Chukua Das Schloss ist alt. Sarufi haina kasoro, lakini sentensi haifundishi kitu: kikuukuu ni nini, jumba la mfalme au kufuli la kibanda sokoni Owino? Fundi huandika Der Schlüssel passt nicht ins Schloss, yaani ufunguo hauingii kwenye kufuli. Kisha Der König wohnt im Schloss, mfalme anakaa kasrini. Ufunguo umefukuza kasri, mfalme amefukuza kufuli. Kwa anayepita kila siku kando ya Lubiri ya Mengo, maelezo zaidi ya nini?

Mara nyingine sarufi yenyewe humsaidia fundi. Der See ni ziwa, die See ni bahari. Hivyo Wir fahren an den See inamfaa anayeteremka Ggaba, na Wir fahren an die See inamfaa aliyepanda basi la Mombasa. Bank nayo hufichuliwa na wingi: mabenchi ni Bänke, mabenki ni Banken. Katika umoja kinga hiyo haipo. Das Geld liegt auf der Bank: pesa zimewekwa benki, au zimeachwa juu ya benchi?

Mtihani mkubwa ni kitenzi umfahren. Mkazo ukiangukia um, ni kumgonga mtu kwa chombo na kumwangusha. Ukiangukia fahren, ni kumzunguka usimguse. Er fährt den Polizisten um: anamgonga polisi. Er umfährt den Polizisten: anampitia pembeni. Kwa mwendesha bodaboda, sentensi ya kwanza inaishia mahakamani, ya pili nyumbani.

Masikio ya Kampala yameshazoea mambo haya. Kwa Kiganda okugula ni kununua, okuggula ni kufungua. Kiswahili nacho hutenganisha kwa upatanisho: mbuzi wa kuchinja, mbuzi ya kukunia nazi.

Wajerumani wameugeuza ufundi huu kuwa mchezo uitwao Teekesselchen. Wawili huchagua kwa siri neno lenye maana mbili. Kila mmoja hueleza maana yake bila kulitaja, akianza na Mein Teekesselchen, na wenzao hukisia. Maelezo yakiwa wazi mno, mchezo huisha mapema. Yakiwa na kiza, hakuna anayepata.

Walimu wa lugha wa Kampala waujaribu darasani, wakianza na Bank. Wa Kiswahili nao wasibaki nyuma: paa, kaa na kata yanangoja watungaji.