Mkono wa Pili katika Wasifu wa Siti

Msomaji aliyeko Kabwe, bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, yu mbali na Unguja. Ikiwa sahani za santuri za Siti binti Saad hazikupata kumfikia, basi Siti wake ni yule wa Shaaban Robert, hana mwingine. Kwa hiyo swali la nani aliyeuandika Wasifu wa Siti binti Saad si la wanazuoni peke yao.

Juu ya jalada lipo jina moja. Lakini Shaaban alimhoji Siti mwenyewe, muda si mrefu kabla bibi huyo hajafariki Julai 1950, maandishi yakachapishwa mwaka 1958, msimuliaji asiweze tena kusema, "Hili silo nililolinena." Kazi hii ina waandishi wawili, mmoja kwa kinywa na mmoja kwa kalamu, na mwenye kalamu ndiye aliyetia saini.

Kasoro yake huonekana katika lugha. Shaaban hawezi kumwacha binti wa Fumba, muuza vyungu, apite na vyungu vyake. Hatua zake huzifungia hekima. Hekima hizo ni tamu, na nyingine zinamkaa Siti vizuri. Ila sauti ya mwanamke wa Kiunguja imelainishwa hata haijulikani Siti ameishia wapi na Shaaban ameanzia wapi.

Na sanaa ya Siti yenyewe ilikuwa ya ushirika. Maalim Shaaban, Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruku Talsam hawakuwa wapigaji wa nyuma tu. Safari ya Bombay ya mwaka 1928, ya kurekodi santuri, ilikuwa ya kundi. Wasifu wa mtu mmoja huwapunguza hao bila kukusudia. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001, alikwenda kwa wazee wa Unguja, na wimbo wa Kijiti ukasikika tena kama shitaka juu ya mahakama.

Mwaka 2023 Annachiara Raia na Clarissa Vierke walitoa kitabu juu ya Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu. Majina yao mawili yako wazi, na mshairi alikuwapo kuulizwa. Kwa uzuri wa nathari hakimfikii Shaaban. Kwa uaminifu wa kumwonyesha kila msemaji kinampita. Wasifu wa Siti ukichapwa upya, jina la Siti lingestahili kuwekwa juu ya jalada mara mbili: kama anayesimuliwa, na kama aliyesimulia.