Walimu wa Jicho

Seremala wa Ndalu, huku kwetu bara, huanza kazi kwa skwea. Mlango, kitanda, dawati la shule, kenchi ya paa la mabati: vyote hukaguliwa pembe, na pembe ikikataa, kazi inarudiwa. Mbao za saiprasi humfikia zikiwa zimepasuliwa nyoofu, naye fundi mzuri ni yule anayezifikisha mwisho wa kazi zikiwa nyoofu vilevile. Vyuo vyetu vya ufundi, kuanzia Kitale hadi Bungoma, hufundisha hivyo, na vinafundisha vyema.

Sasa mchukue seremala huyo hadi Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, umwambie afundishe vijana kujenga mashua. Skwea itabaki mfukoni. Katika mashua hakuna ubao wenye upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Kila ubao hupunguzwa hapa, ukaachwa hapa, ukapindwa ufuate tumbo la chombo. Kila taruma, yaani kila ubavu wa chombo, hubadilisha pembe kadiri unavyoondoka katikati kwenda omo, yaani mbele, au tezi, yaani nyuma. Kosa ambalo mlangoni lingeacha ufa wa kupitisha upepo, hapa hupitisha maji, na waliomo ndani wako mbali na nchi kavu.

Kwa hiyo mwalimu wa kazi hii anafundisha kitu kisichouzwa dukani pamoja na futi na patasi. Anafundisha jicho. Nimewatafakari walimu hawa muda mrefu, wanaofundisha chini ya mwembe ufukweni na wanaofundisha katika chuo chenye ratiba, na kadiri ninavyozidi kuielewa kazi yao ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu.

Somo la kwanza halianzii bandani. Linaanzia kwenye mti. Kwa taruma, fundi hataki tawi lililonyooka. Anatafuta lililokwisha kupinda lenyewe lilipokuwa likikua. Ukipasua mti ulionyooka ukauchonga upinde, nyuzi zake zinakatika katikati ya pindo, na hapo ndipo utakapovunjika siku ya mawimbi. Tawi lililopinda lenyewe lina nyuzi zinazolifuata pindo kutoka ncha hadi ncha. Ndiyo maana fundi mkuu hutembea na wanafunzi akiwaonyesha miti ambayo mpasuaji mbao angeipita bila kuitupia macho. Uma wa tawi hapa ni kiungo cha omo. Goti la mzizi pale ni taruma la tezi. Mwanafunzi anajifunza kuiona mashua ikiwa bado imesimama ardhini na majani yake.

Kuna elimu nyingine juu ya hiyo: mti upi kwa kazi ipi. Mbambakofi ni mgumu na hustahimili maji. Mvule huheshimiwa bara na pwani. Mwembe hutoa mbao zinazokubali kupindwa, na mwenye shamba hukubali kuukata ukiacha kuzaa. Mikoko hufaa kwa nguzo na boriti, na Lamu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, wakataji mikoko wa Lamu waliathirika pamoja na wapasuaji saiprasi wa kwetu. Mwalimu wa vyombo leo lazima afundishe uhaba pia. Anamzoeza kijana kupima mara mbili kabla ya kukata, kwa sababu ubao ukiharibika huenda usipatikane mwingine wa namna hiyo mwaka mzima.

Bandani kazi huanza na mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaobeba chombo kizima. Mkuku hulazwa juu ya magogo, ukasawazishwa, kisha husimamishwa fashini, yaani nguzo ya mbele na ya nyuma. Mafundi wengi wa pwani hutanguliza mbao chache za chini, wakatia taruma, wakaendelea kupanda hivyo, ubao na ubavu, mpaka chombo kipate umbo. Mchoro hakuna. Urefu wa mkuku hutaja upana wa chombo, upana hutaja kina, na kina hutaja mahali pa mlingoti. Uwiano huo wote umo kichwani mwa fundi, na fundi aliupata kwa fundi aliyemtangulia.

Hapa ndipo ustadi wa kufundisha unapoonekana waziwazi. Mwanafunzi amechonga ubao kwa tezo tangu asubuhi. Anauinua, anauweka mahali pake, anarudi nyuma. Anauliza, “Sawa, fundi?” Fundi huenda ni ami yake, lakini bandani ni fundi. Fundi ameona kosa tangu ubao ulipoinuliwa. Angeweza kulitaja kwa neno moja, au kuchukua tezo na kulimaliza mwenyewe kwa dakika chache. Anasema, “Tazama tena.” Kijana anainama, anatazama kutoka omo, anazunguka, anatazama kutoka tezi, mpaka yeye mwenyewe anauona mstari ulipovimba. Siku hiyo amechelewa kwa ubao mmoja. Lakini kosa la namna hiyo hatalifumbia macho tena, hata fundi asipokuwapo.

Subira hiyo ina gharama. Mwenye chombo amelipa na anasubiri. Mbao ni ghali na jua ni kali. Mwalimu anayekubali kupoteza muda wa leo ili kijana apate jicho la miaka arobaini ijayo anafanya hesabu ambayo wasimamizi wachache wangeikubali. Nadhani hapo ndipo kiini cha ualimu wao kilipo: kuuzuia mkono unaojua ili mkono usiojua upate nafasi.

Baada ya jicho huja sikio. Msumari haupigwi moja kwa moja kwenye ubao. Kwanza tundu hutobolewa kwa keekee, ile inayozungushwa kwa uta, ili ubao usipasuke. Kisha msumari huviringishwa pamba iliyotiwa mafuta chini ya kichwa chake, ukizama uzibe njia yake wenyewe. Baadaye huja kalafati. Pamba husokotwa, huloweshwa mafuta, hushindiliwa katika kila mwanya kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Pamba haba hupitisha maji. Pamba iliyozidi husukuma mbao zikaachana. Kipimo cha kati husikika: mlio wa nyundo hubadilika mwanya unapojaa, ukatoka mlio mzito hadi mlio mkavu. Fundi mkongwe anaweza kuwa upande wa pili wa chombo, amewapa mgongo wanafunzi wake, na akajua ni nani kati yao anayeharakisha. Mwisho chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Sehemu inayobaki juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haitoki nguoni kwa urahisi. Dua ikisomwa, na maji ya bamvua yakifika, chombo hushuliwa.

Yote hayo yaweza kupokezanwa bila chuo, na kwa karne nyingi ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa fundi alianza kwa kuokota vipande vya mbao na kuchemsha chai, akapewa pamba, akapewa keekee, na baada ya miaka akapewa tezo. Lakini njia hiyo yahitaji vyombo vingi vinavyojengwa mfululizo. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 na majahazi yake yamo katika kila picha, ila sifa hiyo haimpi fundi chombo kipya cha kujenga. Boti za faibaglasi zinaingia, mbao zinapanda bei, na kijana anaona kazi ya pikipiki inalipa jioni ileile. Mnyororo wa ujuzi huanza kukatika katika pengo hilo.

Pwani imewahi kuuona ukikatika. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari wa chuma, chenye tanga la mkeka na omo lililochongwa mfano wa kichwa cha ngamia, ulisafiri pwani hii kwa muda mrefu, kisha ukatoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Zanzibar ilipotaka kuwa na mtepe tena kwa makumbusho ya Beit al-Ajaib, ulijengwa upya mwaka 2003 kwa kuchunguza vielelezo vidogo na maandishi, na kwa ujuzi wa mafundi. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, lakini tazama ilivyohitaji: utafiti wa kurudisha kile ambacho zamani kijana wa pwani angejifunza kwa kumtazama babu yake. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020. Jengo na kielelezo ni hifadhi ya mashaka. Hifadhi iliyo imara kuliko zote ni mtu anayejua kujenga na yu radhi kufundisha.

Ndiyo sababu kazi inayofanyika Lamu chini ya mradi wa Flipflopi inanigusa. Wengi wanaujua kwa jahazi lake la plastiki: chombo cha mita 9 hivi, kilichojengwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kuvishwa ndara 30,000 zilizookotwa ufukweni, kikashuliwa Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kama kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Rangi zake zilipendeza magazeti. Mimi huvutiwa na mafundi waliokuwa chini ya rangi hizo, wakiongozwa na Ali Skanda, fundi wa vyombo wa Lamu.

Fikiria walichoombwa. Plastiki iliyoyeyushwa ikawa boriti haina nyuzi. Elimu yote ya kutafuta tawi lililopinda haina pa kushika. Jua likiwaka plastiki hutanuka, jioni hunywea. Hunepa pale ubao ungesimama imara, na ni nzito. Hakuna babu aliyeacha neno juu yake. Mafundi hao walirudi kwenye yale ambayo hayategemei mti: uwiano wa mkuku na upana, mstari wa tumbo la chombo, mahali pa kiungo, subira ya kujaribu na kukata tena. Jicho lao lilivuka kutoka mbao hadi plastiki, na chombo kikaelea. Sijui ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba ujuzi wao ulikuwa wa fikra tangu mwanzo, si wa mikono peke yake.

Mradi huo umeendelea na mafunzo ya ujenzi wa vyombo kwa vijana wa Lamu, na hapo ndipo walimu wanapokutana na jukumu jipya. Chuo kina muda maalumu. Kina wanafunzi ambao hawakukulia bandani. Mwalimu hawezi kusubiri miaka kumi ya kuokota vipande na kuchemsha chai. Lazima aivunje kazi katika hatua: leo mkuku, kesho fashini, wiki ijayo taruma. Lazima atafute maneno ya jambo ambalo mkono wake ulilifanya kimya tangu utotoni. Mtu aliyewahi kuulizwa, “Umejuaje hapa ndipo pa kukata?” anajua ugumu wa swali hilo. Jibu la haraka ni “nimeona tu.” Mwalimu mzuri hakubali kuishia hapo. Hurudia tendo lake polepole, akijitazama yeye mwenyewe, mpaka agundue alichokiona, ndipo amweleze mwanafunzi. Anapofundisha, naye anaijua kazi yake upya.

Haya yanatuhusu sisi wa bara pia. Mto Nzoia unaoshuka kutoka Cherangani na kutupitia huishia Bunyala, katika Ziwa Victoria, na kule watu huishi kwa mitumbwi ya mbao. Ziwa lina mapokeo yake ya kale: mitumbwi mikubwa ya kushonwa ya Buganda bado hukumbukwa kwa jina la visiwa vya Ssese. Leo mvule mzuri umekuwa adimu, mitumbwi mingi hujengwa kwa mbao nyepesi, na mwenye mtumbwi hutumia muda mwingi kuchota maji. Mwaka 2021 lile jahazi la Lamu lilibebwa kwa lori hadi Kisumu, likazunguka ziwa hadi Uganda na Tanzania likihubiri habari za taka. Natamani siku moja lije lori lililobeba walimu, wakae Port Victoria na Dunga, ufukweni mwa ziwa, msimu mzima, wabadilishane kalafati na maarifa na mafundi wa ziwa, ambao nao wana mengi ya kuwafundisha watu wa bahari ya chumvi.

Katiba ya 2010 ilikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa kaunti, na Kenya sasa ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Kwa hiyo haifai kumzuia mzee wa Matondoni, ambaye huenda hakumaliza shule ya msingi, kusimama chuoni kama mwalimu kamili, mwenye cheti na mshahara wa mwalimu. Kinachohitajika ni wakaguzi wanaojua cha kukagua. Wasimpe karatasi ya mtihani. Wampe mkuku, wanafunzi wanne na mbao za kutosha, kisha wakakague chombo kikiwa majini. Kisha wawaulize wale wanafunzi wanne kwa nini kila ubao uko pale ulipo. Wakiweza kujibu, mwalimu amefaulu, na cheti apewe siku hiyohiyo.