Kidole Kwanza, Sindano Baadaye

Wanaume wengi wa Dodoma hawapendi kuzungumzia mkojo. Mzee atakwambia mgongo unauma na usingizi hauji; umpe muda ndipo aseme anaamka kila mara usiku, na akifika chooni mkojo unatoka matone matone. Kwa hiyo nawahusudu mafundi wa sindano za Kichina, ambao kazi yao huanza kwa kusikiliza na kupapasa.

Si wageni huku. Timu za madaktari wa China zilianza kuja Tanzania Bara mwaka 1968, kutoka jimbo la Shandong, na Dodoma imekuwa miongoni mwa vituo vyao. Kwa mtu aliyewahi kupigwa chuku, kuchomwa ngozi kwa ajili ya tiba si ajabu.

Tazama mkono. Fundi anapima upana wa vidole vinne kutoka kifundo cha ndani cha mguu kwenda juu, vidole vya mgonjwa, maana kipimo ni mwili wake mwenyewe. Hapo, nyuma tu ya mfupa wa muundi, ndipo ilipo sehemu ya kuchoma iitwayo Sanyinjiao. Anabonyeza, anasogea kidogo, anabonyeza tena mpaka mzee akunje uso. Sindano, nene kama robo milimita, inazama. Anaizungusha taratibu kwa gumba na kidole cha shahada. "Mzee, unasikiaje?" Jibu analolisubiri si "inauma", ni "pamekuwa pazito" au "ganzi inashuka". Asipolipata, anairudisha nyuma kidogo na kubadili mwelekeo. Jirani na hapo hupita mshipa wa fahamu ambao madaktari wa Marekani nao huuchangamsha kwa umeme kutuliza kibofu.

Sehemu nyingine, Zhongliao, ni ngumu zaidi. Iko kwenye mfupa mpana ulio juu ya kitokono, na sindano ndefu hupitishwa mshazari, sentimita tano hivi, kulifuata tundu la tatu la mfupa huo. Tundu halionekani. Analitafuta kwa ncha ya sindano.

Ustadi huu umepimwa. Mwaka 2021 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti wa wanaume 440 nchini China, wenye uvimbe sugu wa tezi dume unaoleta maumivu na shida ya mkojo. Walichomwa mara 20 kwa wiki 8. Nusu yao juujuu tu, pembeni ya sehemu zenyewe. Waliochomwa sawasawa, asilimia 60.6 walipata nafuu ya maana. Wale wengine, 36.8. Kulala nusu saa mikononi mwa mtu asiye na haraka nako ni tiba, sikatai. Lakini watu 24 zaidi katika kila 100 ni wa mkono unaojua.

Sindano haiponyi saratani. Fundi ninayemheshimu huuliza kwanza kama umepima PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, na kuonwa na daktari wa njia ya mkojo. Mkojo ukiziba kabisa, hagusi sindano: anakupeleka hospitali ukawekewe mpira siku hiyo hiyo.