Watu 90, Milo Miwili kwa Kila Mmoja

Kila anguko la Kune, kampuni changa ya chakula ya Nairobi, linapotajwa, mazungumzo huishia kwenye mambo mawili. La kwanza ni kauli ya mwanzilishi wake Mfaransa kwamba alikaa siku tatu Kenya akikosa chakula kizuri cha bei nafuu. La pili ni mitaji iliyokauka mwaka 2022. Ile kauli ilikuwa kiburi tu, na Wakenya mitandaoni walimpa haki yake mapema. Habari ya mitaji ni kisingizio. Kune iliuawa na orodha yake ya mishahara, na hata kama wawekezaji wangemimina fungu la pili, kifo kingesogea mbele miezi michache tu.

Mliofuatilia mnazijua tarehe. Juni 2021 kampuni ilitangaza kupata dola milioni 1 ili ipike na kupeleka chakula cha mchana kwa bei ya chini. Juni 2022 mwanzilishi huyo, Robin Reecht, akatangaza kufunga. Katika kuaga alitoa hesabu mwenyewe: milo zaidi ya 55,000 imeuzwa, wateja binafsi zaidi ya 6,000, kampuni 100, na bei ya dola 3 kwa mlo ambayo, kwa maneno yake, haikutosha kuendeleza ukuaji. Waliopoteza kazi waliripotiwa kuwa 90.

Soma tena idadi hiyo ya mwisho, kisha chukua kalamu.

Milo 55,000 ukiigawa kwa siku 300 za kazi, unapata chini ya milo 200 kwa siku. Igawe kwa watu 90. Ni milo miwili kwa kila mfanyakazi. Miwili! Utaniambia hawakuanza wakiwa 90, na ni kweli, lakini hata mauzo hayakuanza yakiwa juu. Basi nitawaonea huruma, nizidishe mara tatu, tuseme siku za mwisho walikuwa wakiuza milo 550. Bado ni sita kwa kila mtu, na kila mlo ni dola 3 ambazo ndani yake mna nyama, mchele, mafuta, gesi, kifungashio na petroli.

Sasa weka mishahara. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi wakati ule kilikuwa shilingi 13,572.90 kwa mwezi, na posho ya nyumba ya asilimia 15 juu yake. Jifanye watu wote 90 wanalipwa hicho tu, bila mpishi mkuu, bila mhasibu, bila hata mtengeneza programu mmoja. Ni takriban shilingi milioni 1.4 kila mwezi. Mauzo? Milo yote kwa dola 3 ni dola 165,000. Gawa kwa miezi 12, badilisha kwa shilingi 110, unapata takriban milioni 1.5. Kitunguu cha kwanza hakijanunuliwa na pesa zimekwisha. Kwa hesabu ya namna hii, kila oda mpya huja na hasara yake mkononi, halafu mtu anakwambia kilichokosekana ni mtaji wa kukua.

Kosa lenyewe liko kwenye saa. Chakula cha mchana ofisini ni biashara ya saa mbili. Saa sita kamili hakuna anayekutaka, saa sita na nusu wote wanakutaka, na saa nane u mgeni tena. Ukimwajiri mtu kwa saa nane ili akufae kwa saa mbili, umenunua saa sita za kukaa. Kwa mpeleka chakula ni mbaya zaidi. Tuseme kwenda Westlands na kurudi ni dakika 40: ndani ya saa zile mbili anapiga safari tatu, basi. Akibeba mlo mmoja mmoja kwa mteja wa nyumbani, siku yake nzima ni milo mitatu. Kuuza kwa zile kampuni 100, ambako begi moja linashuka na milo minane kwenye meza moja, lilikuwa wazo zuri.

Mama ninayekula kwake Industrial Area hajawahi kuchora mchoro wa biashara, lakini ana wasaidizi watatu na hakuna hata mmoja mwenye kazi moja. Kijana anayesukuma chapati saa tatu asubuhi ndiye anayepakua madondo saa saba, na saa tisa utamkuta ameinamia karai anasugua sufuria. Wa nne huja saa sita tu, hulipwa ya siku, na huondoka na chapati mbili za watoto zimefungwa kwenye gazeti. Mvua ikinyesha alfajiri, mama anapunguza unga, kwa sababu anajua vibarua wa mjengo hawatakuja. Anayetaka kuletewa ofisini huletewa na mwenye boda wa hapo kona, ambaye asubuhi na jioni ana abiria wake na mchana ndipo anapopungukiwa. Pikipiki ileile inalishwa na biashara mbili. Huo ndio utaalamu, na ulikuwa unapatikana kwa bei ya sahani moja ya chapo.

Na msinijie na hoja kwamba kibanda hakiwezi kukua. Mumbai wanabeba vyakula vya mchana tangu 1890. Kabla ya korona, wabebaji hao, dabawala, takriban 5,000 walikuwa wakibeba takriban vyakula 200,000 kila siku ya kazi. Ni 40 kwa kila mtu, kwa baiskeli, garimoshi na alama za rangi kwenye kifuniko. Ndiyo, wao hawapiki, chakula hutoka nyumbani kwa mteja. Lakini angalia jinsi walivyopangana: vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake, wanagawana mapato. Mteja akipungua, mgawo unapungua, wala hakuna mwisho wa mwezi unaomsubiri mtu mmoja mwenye deni la watu wote.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua nina ugomvi wa zamani na vyeo, na leo sitaumeza. Niliwahi kushika bohari ya kampuni moja changa ya kusambaza maji. Tulikuwa watu 14, sita kati yetu wakuu wa idara. Mkuu wa ukuaji alikuwa na kompyuta mpya na kiti cha kuzunguka. Lori lilikuwa na dereva mmoja. Dereva alipougua malaria, siku nne hakuna chupa iliyotoka getini, na siku ya tano tukaitwa kwenye kikao cha kujadili chapa. Tangu hapo, nikitaka kuijua kampuni changa, swali langu la kwanza ni nani atafanya kazi ya dereva akilala kitandani.

Kuna utetezi mmoja wa Kune ninaouheshimu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, haikuruhusu kumshikilia mtu kama kibarua milele. Akifanya kazi mwezi mzima mfululizo, sheria inamhesabu wa mwezi. Kwa hiyo kampuni iliyosajiliwa haiwezi kuiga kibanda neno kwa neno. Sawa. Lakini sheria hiyo hailazimishi kumwajiri mtu wa 40 kabla wa 20 hajapata kazi ya kumtosha.

Wakubwa wetu walilijua hili bila semina. Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam miaka ya 1970. Vinu vya unga vilikuja baadaye, mgahawa ukiwa umeshamfundisha bei ya unga. Java House walifungua mkahawa mmoja Adams Arcade mwaka 1999 na wakajifunza kahawa ya Nairobi palepale kabla ya kutapakaa. Kune ilijipanga kama Bakhresa wa leo, na mauzo ya Bakhresa wa mwaka wa kwanza.

Lililonikera zaidi katika barua zote za kuaga za kampuni hizi ni kwamba uchumi hulaumiwa, wawekezaji hulaumiwa, na aliyetia sahihi mikataba ya ajira hushukuru timu yake nzuri. Kifungu cha 40 cha sheria ileile kinampa anayepunguzwa kazini malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Aliyeajiriwa Agosti 2021 na kuachishwa Juni 2022 hakuwa amekamilisha hata mmoja.