"Hapana Jua": Ukanushi na Hukumu ya Mhakiki

Mhusika wa bara anapotiwa kinywani kauli "mimi hapana jua" badala ya "sijui", msomaji hualikwa acheke. Mhusika huyo akiwa Mkamba wa Machakos, maelezo yaliyo karibu ni kwamba ameathiriwa na lugha yake ya kwanza. Makala haya yanapinga maelezo hayo, kwa kuwa sarufi ya Kikamba yenyewe haiyaungi mkono.

Mkamba asiyejua jambo husema "ndyĩsĩ". Nafsi, ukanushi na mzizi wa kitenzi vimo katika neno moja, sawa na katika "sijui". Ni kweli kwamba Kikamba kina neno "vai", kinyume cha "ve", kama vile "hapana" ilivyo kinyume cha "pana". Hata hivyo, "vai" hukanusha kuwapo kwa kitu, mathalani "vai thĩna" (hakuna taabu). Si kikanushi cha kawaida cha kitenzi. Kwa hiyo, kauli "hapana jua" haina kielelezo katika Kikamba.

Chimbuko lake litafutwe katika historia. Machakos ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla ya makao ya jimbo kuhamishiwa Nairobi mwaka 1899. Baadaye Wakamba wengi waliandikishwa katika King's African Rifles, na wengine wakaajiriwa katika mashamba ya walowezi. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya amri: "hapana gusa" ilitosha pasi na "usiguse". Mwajiri mwenyewe aliizungumza lugha hiyo, iliyoitwa Kisetla, bila kujali upatanisho wa kisarufi.

Aidha, kikanushi cha kuwapo kugeuka kikanushi cha kitenzi si dalili ya uharibifu wa lugha. William Croft alikwisha kuueleza mzunguko huo mwaka 1991, na lugha za visiwa vya Pasifiki zina mifano yake. Katika Kimaori, "kāore" hukanusha kuwapo kwa kitu na hukanusha kitenzi pia. Tofauti ni kwamba "hapana" ilipanuka katika Kiswahili cha mawasiliano, ilhali Kiswahili sanifu kilibaki na si- na ha-.

Mhakiki anayeiita kauli hiyo Kikamba kilichovishwa Kiswahili humcheka mtumishi kwa sarufi aliyoamrishwa kwayo. Lililo muhimu katika uhakiki wa mhusika huyu ni kubainisha anazungumza na nani. Akimjibu bwana shamba kwa "hapana jua", lugha yake inaafiki mazingira. Akizungumza hivyo na mkewe nyumbani, kosa ni la mwandishi.